Trei Elfu Tatu

Dalali Mbazi aliniambia: Mama, hii ni Harrier,
ile tako la nyani, ya daktari mmoja wa Njiro,
haijawahi kubeba hata gunia la mahindi.
Akaupiga mlango kwa kiganja, mara mbili,
kama mtu anayechagua tikiti maji.
Milioni ishirini na saba, alisema,
akaangalia viatu vyangu.

Hesabu zangu hazijui milioni.
Zinajua trei.
Trei elfu tisa, kwa hiyo trei elfu tatu,
kwa hiyo mayai elfu tisini
niliyookota kwa mkono huu, kule Rau,
tangu mwaka ule wa mdondo ulioniachia
kuku kumi na mmoja na jogoo kipofu.
Kwenye dashibodi, kilometa: elfu tisini na mia mbili.
Nikacheka peke yangu.
Yai moja kwa kila kilometa,
na mia mbili za nyongeza.

Fundi Foya nilitoka naye Moshi, nauli juu yangu.
Hakusema kitu. Alivua kofia, akaingia chini ya gari,
ikabaki miguu tu,
mmoja na soksi ya kijani, mwingine bila.
Alipotoka akanionyesha pedali ya breki:
mpira umelika mpaka chuma kinachungulia.
"Namba zinarudishwa nyuma," alisema,
"mguu haurudishwi.
Hili limeshapita laki mbili, mama."

Mbazi akaapa kwa mama yake mzazi.
Akaapa kwa mtoto.
Alipofungua mdomo mara ya tatu nikamwambia
acha, utamaliza ukoo.

Kisha nikafungua kikapu.
Nilikuja na trei moja, mayai ya jana.
Nikaiweka kiti cha nyuma,
juu ya ngozi ya rangi ya chai ya maziwa,
nikamwambia: endesha.
Toka hapa Sakina mpaka Ngaramtoni, turudi,
usikwepe shimo, usibembeleze tuta.
Alidhani namtania.

Meru ilikuwa imejifunika mpaka kiunoni.
Kiyoyozi kilinipuliza shingoni
na sikutaka kukipenda, lakini nilikipenda.
Sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kijapani,
kwa upole, kama muuguzi anayekuahidi
kwamba sindano haitauma.
Kwenye skrini, mshale wetu mwekundu
ulitembea juu ya maji matupu,
pasipo barabara.

Tuliporudi nilihesabu mbele ya watu.
Ishirini na nane mazima.
Mawili yana ufa, yote upande wa kushoto.
"Shokapu ya nyuma, kushoto," alisema Foya,
hata hakuinuka alipokaa.

Tukaanza upya.
Saa sita ikawa saa tisa.
Milioni mbili na laki saba zikadondoka,
trei mia tatu,
na yale mawili yenye ufa Mbazi akampelekea muuza chipsi,
yakakaangwa,
akanikaribisha.

Siwezi kusema nilihitaji gari la namna hii.
Kirikuu ingebeba trei nyingi zaidi,
mwanangu Aikaeli alinipigia kuniambia hivyo,
na Foya, na mchungaji.
Lakini miaka tisa nimenuka pumba.
Nilitaka kiti kinachonishika mgongo kidogo.

Nilifika Rau jua likizama, nikaegesha jirani na banda.
Hapo ndipo nilipoitazama vizuri nembo ya puani:
mwewe,
mabawa wazi.
Mimi, mtu wa kuku,
nimejinunulia mwewe kwa fedha ya mayai.
Nikasimama nikisubiri jogoo apige yowe.
Akaja, akadonoa tairi,
akaona halina ladha,
akaenda zake.
Mtetea mmoja akarukia boneti, palipokuwa na joto,
akajikunja, akafumba macho.

Nimemwacha.
Kesho nitaosha.